Inaamkaje Asubuhi? Kelele za Injini ya Pikipiki Wakati wa Baridi, na Oili ya Kutia

Maelezo yaliyotolewa na mafundi wa pikipiki wa Mbulu na Hanang mbele ya mkutano wa harambee



Tulipoombwa kusema neno hapa tulisita. Sisi ni mafundi wa pikipiki. Wawili tuko Mbulu mjini, mmoja yuko Dongobesh na mmoja Katesh. Mikono yetu imezoea spana kuliko kipaza sauti. Lakini kamati ilitueleza kwamba sehemu ya mchango wa mwaka huu itakwenda kwenye vifaa vya gereji na mafunzo ya vijana wa bodaboda, na kwamba mtu anayetoa fedha yake ana haki ya kujua inakwenda kuponya ugonjwa gani. Hapo tukakubali.

Ugonjwa wenyewe unaanza alfajiri, pikipiki inapowashwa. Inatoa kelele. Mwenye nayo anasikia, anasema "ni baridi tu," anapanda, anaondoka. Mara nyingi amesema kweli. Mara moja moja hajasema kweli, na hiyo mara moja ndiyo inayomla.

Kosa letu wenyewe

Tuanze na habari ambayo si ya kujivunia. Kijana mmoja wa kwetu alichukua pikipiki kwa mkataba. Mnaujua mkataba: kila wiki unapeleka hesabu kwa mwenye chombo, usipokosa, mwishoni chombo kinakuwa chako. Alikuwa amebakiza miezi mitatu. Ilikuwa Julai. Alikuja gereji asubuhi akasema, "Fundi, kuna kitu kinagonga chini." Fundi alikuwa na kazi nyingine mkononi. Alisikiliza bila kuinama, akamjibu, "Ni baridi tu hiyo, ikipata moto itaisha."

Siku chache baadaye, usiku, kijana yule aliitwa kumpeleka mama mjamzito Haydom. Mama alikaa katikati, mama mkwe wake nyuma. Walipofika kwenye mwinuko injini ilinoki. Ilitoa mlio mmoja mzito, ikajifunga. Walisukuma, wakatembea, wakagonga mlango wa nyumba ya jirani na barabara. Mama alijifungulia hapo, akisaidiwa na akina mama wa nyumba ile. Tunamshukuru Mungu, mtoto yupo na mama yupo. Lakini hiyo ilikuwa neema, haikuwa ufundi.

Tulipofungua injini, oili iliyotoka haikujaa vikombe viwili vya chai, wakati ile injini inataka lita moja. Ilikuwa oili ya kupima, ya namba 40, ile inayouzwa kwenye chupa ya soda kutoka kwenye pipa. Beringi ya konrodi ilikuwa imeungua na kubadilika rangi ikawa ya bluu. Kijana alishindwa kupeleka hesabu, mwenye chombo akachukua chombo chake, na ile miezi aliyokwisha kulipa ikapotea.

Aliyemwambia "ni baridi tu" ni mmoja wetu. Yuko hapa mbele yenu. Ndiyo maana tumesimama wote wanne, na ndiyo maana haya tunayosema tunayasema kama watu wenye deni.

Baridi inafanya nini kwenye injini

Ninyi mlioko Dar es Salaam mnajua pikipiki inayoamka kwenye joto. Injini ikilala usiku Mbulu, Kainam au chini ya Mlima Hanang, kwenye upepo ule wa Juni na Julai, inaamka kwenye hali nyingine kabisa. Yapo mambo mawili ya kuelewa.

La kwanza ni oili. Mama zetu wanajua samli. Iache kwenye kibuyu usiku hapa juu, asubuhi imeganda, unaichokoa kwa kijiko. Ishushe mlima Magara ufike nayo Magugu mchana, inamiminika kama maji. Oili inafanya vivyo hivyo, ingawa haigandi kwa baridi yetu. Oili iliyopoa kwa baridi ya alfajiri ni nzito makumi ya mara kuliko oili hiyohiyo injini ikiwa ya moto. Usiku kucha imeteremka yote chini kwenye tumbo la injini. Unapowasha, pampu inapaswa kuinyonya, kuisukuma hadi juu kwenye kamshafti na valvu, na kwa muda huo mfupi chuma cha juu kinasugua kikiwa na utando mwembamba tu wa oili ya jana.

La pili ni nafasi kati ya chuma na chuma. Pistoni ni ya alumini. Silinda ya pikipiki nyingi za kwetu kwa ndani ni chuma cha kumimina. Alumini ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Kwa hiyo aliyeunda injini ameacha nafasi ndogo ili pistoni ikishapata moto ienee vizuri. Asubuhi nafasi hiyo ni kubwa kidogo, na pistoni inacheza.

Hivyo basi, injini yenye afya nayo ina haki ya kulalamika kidogo alfajiri. Swali ni je, inalalamika kwa muda gani, kutoka wapi, na kwa sauti gani.

Kabla ya kuilaumu injini

Kelele nyingi zinazoletwa gereji si za injini. Kwa barabara zetu, ukitoka Basotu kwenda Haydom au ukipanda kutoka Magara, boliti zinalegea. Shika bomba la moshi likiwa limepoa, litikise. Shika madigadi, stendi, kikinga injini. Angalia cheni ya nyuma: ikiwa kavu na imelegea itapiga kelele ambayo mtu ataapa inatoka ndani ya injini. Angalia boliti zinazoshika injini kwenye fremu. Kazi hii ni ya dakika tano na haina gharama.

Baada ya hapo washa, usiguse mafuta, na usikilize. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye chuma cha injini na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Hamisha ncha: juu kwenye kichwa cha injini, katikati kwenye silinda, upande wa klachi, upande wa magneti, chini kwenye kranki. Mahali sauti inapokuwa kali ndipo ugonjwa ulipo. Angalia tu nguo na mikono isiguse kitu kinachozunguka au bomba lenye moto.

Kelele inayoondoka, inayobaki na inayokua

Tunazigawa kelele za asubuhi katika mafungu matatu, na tunawaomba vijana wayashike hata kama watasahau mengine yote.

Fungu la kwanza ni kelele inayoondoka. Unawasha, juu panalia kwa sekunde chache kama mnyororo mwembamba unaotikiswa, halafu panatulia. Hiyo kwa kawaida ni cheni ya taimingi ikisubiri oili ifike na tenshena ikae sawa. Ikitulia mara moja kila siku, usihangaike. Ikianza kuchukua nusu dakika, halafu dakika nzima, tenshena au cheni imechoka, ipeleke ikaangaliwe. Katika fungu hili yumo pia mgongo wa pistoni. Sauti yake ni "tok tok" yenye uvungu, kama mtu anayegonga debe tupu kwa kidole, inasikika katikati ya injini na inapungua kadiri injini inavyopata joto. Ikiisha ndani ya kilomita ya kwanza au ya pili, unaweza kuendelea kufanya kazi huku ukiifuatilia. Ikiambatana na moshi wa bluu na oili kupungua, ringi na silinda zinakwisha. Anza kuweka akiba.

Fungu la pili ni kelele inayobaki. Hapa bingwa ni tapeti: "tik tik tik" nyepesi, ya mpangilio, kutoka juu, inayofuata mwendo wa injini, ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto. Maana yake nafasi ya valvu imekuwa kubwa. Haitaua injini leo, ila inakula nguvu na inakula chuma. Dawa yake ni kurekebisha. Nafasi ya valvu kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, yaani kama unene wa unywele, na hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa. Kwa hiyo usituletee saa nane mchana umetoka Dareda na abiria, ukataka tupime hapohapo. Ilaze, uje asubuhi.

Na hapa lipo jambo linalowadanganya wengi. Wapo vijana wanaotaka tapeti ikazwe hadi injini inyamaze kabisa. Fundi asiye na kipimo anaikaza kwa sikio, mteja anafurahi, analipa. Valvu ikikazwa kupita kiasi haifungi sawasawa. Moto unapita pembeni yake, inaungua, na pikipiki inakuwa ngumu kuwaka asubuhi. Tunawaambia wateja wetu kwamba tiki ndogo ya tapeti ni mtu anayekohoa kidogo, lakini tapeti iliyokazwa ni mtu anayeumwa bila kusema.

Katika fungu hilihili kuna kelele ya upande wa klachi. Kipimo chake ni rahisi. Pikipiki ikiwa nyutro inaunguruma, bana klachi. Sauti ikibadilika au ikipotea, shida iko kwenye nyumba ya klachi au beringi zinazohusiana nayo, haiko kwenye pistoni. Na kuna "chu chu chu" ya upepo mbele, pale bomba la moshi linapofungwa kwenye silinda. Hiyo ni gasketi iliyoungua. Wengi wameambiwa ni tapeti, wakatozwa fedha ya tapeti.

Fungu la tatu ni kelele inayokua. Hii ni "ngo ngo ngo" nzito, kutoka chini, ambayo unaisikia hata kwenye nyayo ukiwa umekanyaga vikanyagio. Asubuhi oili ikiwa nzito inaweza hata kufichika kidogo. Injini ikipata moto na oili ikiwa nyepesi, inaongezeka. Ukipanda mlima na abiria, inaongezeka zaidi. Hiyo ni konrodi au beringi za kranki. Zima. Usijaribu kufika nyumbani kwanza, usimalizie abiria aliyebaki. Ukiizima hapo, kinachotengenezwa ni beringi na konrodi. Ukiiendesha hadi inoki, unaweza kununua kranki, pistoni na hata kizimba cha injini.

Kijana yule wa mkataba alisema, "kinagonga chini." Alikuwa amekwishaupima ugonjwa kabla yetu. Fundi angeinama tu na bisibisi, angejua kwamba kelele ya chini haiponywi na joto.

Oili ya kutia

Sasa tuje kwenye oili. Tunaulizwa kila siku, "Fundi, oili nzuri ni ipi?" Jibu la kwanza ni lile lililoandikwa kwenye kitabu kilichokuja na pikipiki. Kitabu kikipotea, piga picha kitabu cha mwenzako mwenye pikipiki ya aina na injini ileile. Boxer, TVS, Honda na pikipiki za Kichina si kitu kimoja, na hata za kampuni moja hutofautiana.

Ukishika chupa, soma mambo matatu.

La kwanza ni namba za uzito, kwa mfano 10W-30, 10W-40 au 20W-50. Wengi hudhani W ni uzito. Hapana, inasimama badala ya neno la Wazungu la majira ya baridi. Namba iliyo kabla ya W inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi: ikiwa ndogo, oili inakimbia haraka zaidi alfajiri. Namba ya mwisho inaeleza inavyobaki nzito injini ikiwa ya moto. Oili yenye namba mbili imetengenezwa ili iwahi kupanda juu asubuhi, na bado isiwe maji mchana. Sisi wa huku tunaihitaji hiyo kuliko watu wengi, maana mtu mmoja kwa siku moja anaondoka kwenye umande wa Mbulu na vitunguu saumu mgongoni mwa pikipiki, na baada ya muda yuko chini bondeni kwenye jua la Magugu. Oili ni hiyohiyo moja.

Basi kanuni yetu ni hii. Kitabu kikiruhusu oili zaidi ya moja, mtu wa huku juu achague yenye namba ndogo kabla ya W, kama 10W-40. Kitabu kikisema 20W-50 tu, tia 20W-50 bila wasiwasi. Baridi yetu haiizuii kufanya kazi, ila uipe muda asubuhi. Kitabu kikisema 10W-30, usitie 20W-50 kwa sababu mtu wa kijiweni amesema ni ya nguvu. Na ile ya namba 40 peke yake, isiyo na W, iacheni. Asubuhi inachelewa kufika juu, na ndiyo hiyo tuliyoikuta kwenye injini ya yule kijana.

La pili ni herufi za JASO MA au MA2. Injini nyingi za pikipiki zetu zina tumbo moja: oili ileile inalainisha pistoni, gia na klachi, na klachi inaogelea humo. Hicho ni kiwango cha Wajapani kilichowekwa mwaka 1998 kwa ajili ya pikipiki za namna hiyo. Oili nyingine za magari ya kisasa zina dawa ya kupunguza msuguano ili gari lisile mafuta. Ukiitia kwenye pikipiki, klachi inaweza kuteleza. Unavuta mafuta, injini inalia, pikipiki haipandi mlima. Na oili iliyobaki kwenye trekta la ngano kule Basotu, hata ikiwa ya bei kubwa, ilitengenezwa kwa kazi ya trekta. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana za mashamba yale ya ngano, ambaye alitufundisha wawili wetu, alikuwa akituambia: oili nzuri ya ng'ombe wa mwenzio si dawa ya mbuzi wako.

La tatu ni chupa yenyewe. Oili chakavu huchujwa na kurudishwa sokoni kwenye chupa zilizookotwa. Angalia mfuniko na lakiri yake, angalia alama ya ubora ya TBS, nunua kwenye duka ambalo utalikuta kesho. Ukiimaliza chupa, itoboe kabla ya kuitupa ili asiiokote mtu wa kuijaza tena.

Kuhusu oili nzito kwa injini iliyochoka: ndiyo, inapunguza kelele na moshi kwa muda. Lakini imefunika tu. Konrodi iliyolegea haikazwi na oili.

Kipimo na siku ya kubadilisha

Pikipiki nyingi za kazi hubeba kama lita moja tu ya oili, nyingine kidogo zaidi. Ikipungua robo lita, robo ya damu yote imeondoka. Pima kila wiki. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, siyo kwenye stendi ya pembeni. Iwashe kidogo, izime, subiri dakika chache. Kama ina kijiti, kifute, kirudishe, na kwa pikipiki nyingi hakikazwi wakati wa kupima. Kama ina kidirisha cha kioo, oili iwe kati ya alama mbili. Isizidi pia, maana kranki ikipiga oili iliyojaa kupita kiasi inaitia povu, na povu halilainishi.

Wengi mnasema hamjui kilomita kwa sababu mita imekufa. Hesabu petroli. Kama lita moja inakupeleka kilomita 40, basi lita 50 ni kilomita 2,000. Andika kwenye daftari la hesabu. Kwa bodaboda anayefanya kazi kutwa kwenye vumbi na milima yetu, ushauri wetu ni kumwaga oili kabla ya kufika hapo, na mapema zaidi kama kitabu kinataka. Mwaga ikiwa na joto, ili uchafu utoke nayo. Usafishe chujio la waya kama injini yako inalo.

Itazame inayotoka. Nyeusi si ajabu. Ikiwa na vumbi la chuma linalong'aa, tuambie. Ikinuka petroli, choki inaachwa wazi muda mrefu au kabureta inavujisha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji. Tuliiona rangi hiyo Katesh baada ya maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, ambayo hakuna mtu wa Hanang anayehitaji kusimuliwa. Pikipiki zilifukuliwa zikaletwa gereji, na wenyewe walitaka tuziwashe siku hiyohiyo, maana ndicho kitu pekee kilichobaki. Tuliwaomba wasipige hata kiki moja. Zile tulizozifungua, tukazisafisha na kubadilisha oili mara mbili, kuna ambazo zinafanya kazi hadi leo. Iliyowashwa na tope ndani haikurudi.

Dakika moja ya asubuhi

Asubuhi ya baridi piga kiki tatu au nne swichi ikiwa imezimwa, kama pikipiki yako ina kiki. Pampu inazunguka, oili inaanza kupanda. Kisha vuta choki, washa, usivute mafuta. Ikikubali kutulia, rudisha choki, maana petroli nyingi inaosha oili kwenye kuta za silinda. Iache nusu dakika hadi dakika moja huku unasikiliza: inaondoka, inabaki, au inakua? Halafu ondoka taratibu kilomita ya kwanza. Hakuna haja ya kuiacha inaunguruma robo saa.

Na ile tabia yetu ya kuitelemsha mlimani na kuachia klachi ili iwake, iwe ya dharura tu. Injini inaamshwa kwa kasi kubwa kabla oili haijafika popote. Ukiona unafanya hivyo kila siku, betri, plagi au valvu inakuomba msaada.

Tunachoomba

Tangu sheria iruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, mwaka 2010, vijana wetu wengi wameshika kazi hii. Pikipiki hizi ndizo zinazofikisha wagonjwa Haydom, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955 wakati wagonjwa wengi walifika kwa kubebwa na kwa miguu. Ndizo zinazopeleka mwalimu shule, maziwa mjini, na mbolea shambani. Nyingi zimenunuliwa na ninyi mlioko mbali, kwa ajili ya mdogo wako au mtoto wa kaka.

Tunaomba mtuwezeshe kupata seti nne za vifaa, moja kwa kila gereji yetu: fila ya kupimia valvu, spana ya kupimia mkazo, kipimo cha mgandamizo wa injini, na madumu ya kukusanyia oili chakavu isimwagwe kwenye mifereji inayoshuka kwenye visima vyetu. Sisi tutatoa siku moja kila mwezi, bila malipo, kufundisha vijana kusikiliza injini na kusoma chupa ya oili. Yule mmoja wetu mliyekwisha mjua ataanza yeye, na yule kijana amekubali kukaa naye mbele ya darasa. Kwa sasa anajifunza ufundi kwetu.

Na hata usipokuwa na cha kutoa leo, lipo moja unaloweza kufanya bure. Ukipiga simu nyumbani kuuliza hali ya chombo ulichonunua, usiulize tu kama kinaleta hesabu. Uliza, "Inaamkaje asubuhi?" Akikujibu kwamba kuna kitu kinagonga chini, mwambie asiiwashe tena hadi fundi ainame.